Bweni Limefungwa: Kazi Yake Ameachiwa Nani?

Tarehe 1 Machi, 2023 ndiyo siku ambayo shule za msingi zenye mabweni katika nchi hii ziliamriwa zisiwalaze tena watoto wadogo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, uliotoka kwa Kamishna wa Elimu, ulisema kwamba tangu darasa la awali hadi darasa la nne mtoto atasoma mchana na jioni atarudi kwao. Bweni litaanza darasa la tano, na anayetaka kufanya kinyume cha hayo sharti apate kibali cha Kamishna. Sababu iliyotolewa ni fupi: mtoto mdogo apate malezi ya wazazi wake na akue katika mila na mapenzi ya jamii yake.

Twasema mapema, ili msomaji asipoteze wakati wake akitafuta tuliposimama, kwamba sisi tu pamoja na waraka huo. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kujifunza kulala mbali na mama yake. Lakini bweni halikuwa vitanda na vyandarua tu. Bweni lilikuwa na kazi zake nyingi, na mlango wake ulipofungwa kazi zile hazikufungwa pamoja nao. Zilitolewa nje zikawekwa barazani, nasi twataka kujua ni nani aliyeziokota.

Jambo hili twapenda kulitazama katika wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani, yaani Kisarawe na Kibaha. Hatukuzichagua kwa kubahatisha. Katika wilaya hizo mbili msafiri wa siku moja aweza kuona kwa macho yake mabweni ya kila namna: ya misheni, ya serikali, ya watu binafsi, na yale ambayo wanafunzi wamejitafutia wenyewe kwa kupanga vyumba vijijini.

Tuanze na Minaki, katika wilaya ya Kisarawe. Wengi waijua kuwa ni shule ya sekondari kongwe, lakini si wote wajuao kwamba haikuzaliwa pale. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika Unguja, alikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wavulana wale hawakuwa na pa kwenda. Walikotekwa ni mbali, wazazi wao hawakujulikana kama wa hai au wamekufa, na hata lugha ya mji walioletwa hawakuijua. Shule iliyotokana na watoto wa namna hiyo ilikuja kukaa Kiungani, ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, na mwaka 1925 chuo hicho kilivuka bahari kikahamia katika vilima vya Minaki.

Basi na tutafakari. Bweni lile la mwanzo halikujengwa kwa sababu bweni ni jambo zuri. Lilijengwa kwa kuwa watoto wale hawakuwa na kwao. Mwalimu wao alikuwa baba kwa sababu baba hakuwapo, na kengele ya chakula ilikuwa sauti ya mama kwa sababu mama hakuwapo. Leo mtoto wa darasa la pili anayepelekwa bweni na gari la nyumbani, huku baba ameshika usukani na mama ameshika sanduku la bati, ana kwao. Anaacha kitanda chake kikiwa kitupu ili akalale katika kitanda cha kukodi. Hilo ndilo lililokuwa likitushangaza siku zote, na twaona waraka umelisema kwa adabu kuliko ambavyo tungelisema sisi.

Baada ya wakimbizi wa utumwa lilikuja bweni la namna ya pili, nalo lilikuwa na sababu yake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu katika shule za sekondari, na kati yao 176 ndio waliokuwa kidato cha sita. Hesabu hizo ni za Mwalimu Nyerere mwenyewe katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa mwezi Machi, 1967. Kwa wanafunzi wachache hivyo, na shule chache hivyo, ungewezaje kusema kila mtoto asome karibu na kwao? Kusoma kulikuwa ni kusafiri. Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwenda kulala katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, na baada ya hapo akapelekwa Tabora.

Kibaha ni mtoto wa zama hizo. Nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, zilishirikiana na Tanganyika changa kujenga kituo kikubwa pale Tumbi, chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali yetu kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Katika miaka ya mwanzo ya shule ile aliingia kijana kutoka Msoga, wilaya ya Bagamoyo, jina lake Jakaya Kikwete, akasoma hapo tangu 1966 hadi 1969. Kama Kibaha isingekuwa na bweni, kijana wa Msoga asingeweza kusoma Kibaha. Ni maneno machache, lakini yatosha kuwanyamazisha wale wanaosema bweni lilikuwa ni anasa ya wakoloni.

Hata lile jambo la kulala chumba kimoja, Msukuma na Mmakonde, Mhaya na Mzaramo, wakigombania ndoo moja ya maji na kucheka mzaha mmoja, halikuwa dogo. Watu wazima wengi wa nchi hii waliwajua wenzao wa mikoa mingine kwanza katika bweni, kabla ya kuwajua katika gazeti. Hatutaki kulisahau.

Lakini ni Elimu ya Kujitegemea hiyo hiyo iliyoonya kwamba shule zetu huwatenga vijana na watu wao. Kijana huondoka kijijini, huishi miaka mingi mahali ambapo chakula hupikwa bila yeye kulima na maji huletwa bila yeye kuteka, kisha akirudi huwaona wazee wake kuwa ni watu wasiojua kitu. Onyo hilo lilikuwa juu ya vijana walioanza kuota ndevu. Je, lingekuwaje juu ya mtoto ambaye hata meno ya utoto hajamaliza kuyang'oa?

Bweni la namna ya tatu, ambalo ndilo waraka ulilolilenga, lilikuja baadaye sana, nalo ni la biashara. Hatulisemi neno hili kwa kulitukana. Mtu aliyejenga shule nzuri Kibaha, akachimba kisima, akaajiri walimu na matroni, amelisaidia taifa. Aliona kwamba wazazi wa Dar es Salaam hutoka nyumbani kabla ya jua na hurudi baada ya jua, akaona kwamba mtoto wao hulelewa na msichana wa kazi ambaye naye ni mtoto, akasema: nileteeni mimi. Wazazi wakampelekea. Wakalipa, na wengine wakaringia ada waliyolipa. Mwenye shule akachukua mkopo, akaongeza jengo. Kisha waraka ukaja, na jengo lile likabaki na vitanda vya ghorofa visivyo na wa kuvilalia, hali mkopo haukupunguzwa hata senti.

Mwenye shule ana haki ya kusikilizwa katika hilo, na kama alihitaji muda wa kuyageuza mabweni kuwa madarasa au kuyatoa kwa madarasa ya juu, muda ulifaa kuzungumzwa. Lakini ana hoja nyingine ambayo hatukubaliani nayo, nayo ni ile ya kusema kwamba mtoto wa bweni hufaulu zaidi. Huenda ikawa kweli. Mtoto aliyefungiwa na vitabu tangu alfajiri hadi usiku aweza kufaulu, kama vile kuku aliyefungiwa awezavyo kunenepa. Swali si kufaulu mtihani wa darasa la nne, ila ni kuwa mtu wa nani.

Tena kuna jambo ambalo katika baraza za wazazi halitajwi ila kwa kunong'ona. Usiku ni mrefu, na watoto wadogo ni wengi, na wakubwa wa kuwaangalia ni wachache. Tarehe 14 Septemba, 2020 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi huko Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto kumi wakafa. Mwezi Septemba, 2024 wenzetu wa Kenya walizika wavulana ishirini na mmoja wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, waliokufa kwa moto wa bweni, na mwezi Novemba mwaka huo serikali yao ikaamuru mabweni katika shule 348 yafungwe kwa kukosa usalama. Mtoto wa darasa la pili akiamshwa na moshi hajui mlango uko wapi. Huingia chini ya kitanda. Anayetaka kutuambia kwamba bweni ni salama kuliko nyumbani, na afikirie jambo hilo kwanza.

Hayo yote twayasema kuonyesha kwamba waraka ulikuwa na haki. Sasa twaja kwenye lile linalotusumbua.

Simama kando ya barabara ya Morogoro, pale Picha ya Ndege au Maili Moja, saa kumi na moja alfajiri siku ya shule. Utaona magari madogo yenye maandishi ya shule yakiokota watoto katika giza. Kuna watoto wa darasa la kwanza ambao huamshwa saa kumi na nusu, huvalishwa wakiwa bado wamelala, na hurudi nyumbani jua likizama. Mtoto huyo kwa karatasi ni wa kutwa. Kwa hakika bweni lake limehamia katika gari. Hulala humo, hula humo, na mtu anayemwona kwa muda mrefu kila siku baada ya mwalimu ni dereva. Waraka ulisema mtoto apate malezi ya wazazi. Haukusema apate saa mbili za usiku, moja ya kula na moja ya kufanya kazi za shule huku akisinzia.

Na huyo ni mwenye bahati, maana ana gari. Mtoto wa shule ya serikali hupita kwa miguu, au hungoja daladala. Mwaka 2023 LATRA walipopandisha nauli, ile ya mtu mzima kwa safari fupi za mjini ilitoka shilingi 500 ikawa 600, bali ya mwanafunzi iliachwa kuwa 200. Ni huruma njema, lakini ni huruma ambayo aliyeitoa siye anayeilipa. Kondakta ana hesabu ya tajiri wake ya kufikisha jioni. Akimwona mtoto wa sare moja huona theluthi ya abiria, na akiwaona watano huona hasara, naye humwambia dereva aondoe gari. Tumewalaani makondakta miaka mingi katika kurasa za magazeti na hawajabadilika, kwa sababu laana haijazi tangi la mafuta. Nchi ikitaka mtoto apande kwa 200, mwenye gari afidiwe ile 400 kwa njia moja au nyingine, au halmashauri ziwe na mabasi yao ya wanafunzi.

Kisha kuna barabara yenyewe. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita zipatazo 19, barabara kuu imepanuliwa ikawa na njia nane. Ni fahari kwa magari. Lakini njia nane kwa miguu ya mtoto wa miaka minane ni kama mto wa masika. Mwanafunzi wa bweni hakuwa na haja ya kuuvuka mto huo. Wa kutwa huuvuka mara mbili kila siku, na akikosa kivuko cha juu au mtu wa kumshika mkono, huuvuka kwa kukimbia.

Tukivuka sasa kwenda Kisarawe, tatizo hugeuka sura. Huko hakuna njia nane, bali kuna umbali. Barabara ya kutoka Kisarawe hadi Maneromango peke yake ni kilomita zipatazo 54, na vijiji vimetawanyika kulia na kushoto, wengine upande wa Masaki, wengine upande wa Mzenga karibu na reli ya TAZARA. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, kila kata iliombwa ijenge sekondari yake, na wananchi wakajenga. Walibeba mawe, walifyatua matofali, na shule zikasimama. Nyingi zilikuwa za kutwa, maana kata iliweza kujenga darasa lakini haikuweza kujenga bweni. Ada ya serikali nayo ilionyesha tofauti hiyo: kabla ada haijafutwa kuanzia Januari, 2016, mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni 70,000.

Lakini kata ya vijijini si kata ya mjini. Mtu aweza kutembea ndani ya kata moja saa mbili na asifike mwisho wake. Basi msichana wa miaka kumi na mitano ambaye kwao ni mbali na shule hufanyaje? Hupangishiwa chumba karibu na shule, yeye na mwenzake, na godoro moja, na jiko la mkaa. Vijana wenyewe huviita vyumba hivyo magheto. Hapo hapana matroni wala kengele, na hapana wa kuuliza saa tatu usiku ni nani anayebisha hodi. Mama yake yuko shambani, huleta unga mwisho wa juma akiweza. Siku unga ulipokwisha kabla ya juma kwisha, ndiyo siku ya hatari, na kila mwalimu mkuu wa shule ya kata aijua siku hiyo kuliko anavyoijua siku ya mtihani.

Ndiyo maana hatukuona ajabu, wala hatukuona kinyume cha sera, Kisarawe ilipoamua kujenga shule ya bweni kwa ajili ya wasichana. Jokate Mwegelo, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya hiyo tangu 2018 hadi 2021, aliongoza harambee ya ujenzi, watu wakatoa walichonacho, na shule ikapewa jina lake. Kumwondoa mtoto wa miaka saba bwenini na kumwingiza msichana wa miaka kumi na mitano bwenini ni sera moja. Yule wa kwanza ana nyumba karibu naye na alinyimwa. Huyu wa pili hana nyumba karibu naye na alikuwa akijitafutia. Kinachopasa kuulizwa kila mara ni kile kilichoulizwa kwa wale wavulana watano wa mwaka 1864: mtoto huyu jioni ataenda kwa nani?

Twarudi Tumbi. Katika eneo lile moja la Shirika la Elimu Kibaha kuna sekondari ya wavulana ya bweni na sekondari ya wasichana ya bweni, zinazopokea watoto wenye vipaji kutoka kila upande wa nchi, na iko pia Sekondari ya Tumbi, ambayo ni ya kutwa. Saa nane mchana wanafunzi wa bweni hukaa mezani. Je, mwanafunzi yeyote wa kutwa, wa Tumbi au wa kwingine, akila au asipokula saa hiyo, ni shauri la nani? Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni unasema wazazi na jamii wachangie. Wazazi wengine huchangia, wengine hawachangii, na wengine hawana. Hapo mwalimu huachiwa kazi ya kumwambia mtoto mmoja anywe uji na mwenzake aliyekaa naye dawati moja atoke nje. Tungependa kumjua mtu mzima anayeweza kuifanya kazi hiyo kila siku na jioni akala chakula chake kwa raha.

Chakula, basi, ndiyo kazi ya kwanza ya bweni iliyobaki barazani. Njia ya kwenda na kurudi ni ya pili. Kuna na ya tatu, ambayo haina gharama kubwa lakini ndiyo ngumu kupata: taa na utulivu wa kusoma usiku. Bweni lilikuwa na saa yake ya kusoma, na mtu wa kunyamazisha kelele. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane na redio moja haina saa hiyo. Kwa jambo hili hatuoni kwa nini madarasa ya shule za kutwa yafungwe kwa kufuli saa tisa alasiri. Mwalimu mmoja kwa zamu, akilipwa posho yake bila ya kuzungushwa, na mlinzi mmoja, wangeweza kuwapa watoto wa mtaa saa moja ya kusoma kabla ya giza kuingia.

Wazazi nao hatutawaacha. Wapo waliopokea waraka kwa hasira, wakauliza ni nani atakayewalea watoto wao wakiwa kazini. Jibu ni chungu kidogo. Hakuna waraka uwezao kumpa mtoto baba anayerudi saa nne usiku kwa kupenda, kwa kuwa alipitia barazani kwa marafiki. Yule anayerudi saa nne kwa kuwa foleni imemshika au bosi wake amemzuia, tunamhurumia, na twaona waajiri nao wahusishwe. Lakini hao wawili wasijifiche nyuma ya neno moja.

Makisio ya fedha ya halmashauri huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka. Madiwani wa Kibaha na Kisarawe watakapokaa kuyapitisha yajayo, twawaomba waonyeshe katika kurasa za elimu mambo matatu kwa majina na kwa tarakimu: fungu la chakula cha mchana kwa watoto ambao wazazi wao hawana, fungu la vivuko na usafiri wa wanafunzi kando ya barabara ya Morogoro, na fungu la mabweni ya wasichana katika kata za mbali za Kisarawe. Mafungu hayo yakiwamo tutayaandika. Yakikosekana tutaandika hilo pia, na tutataja ni kikao gani kilichoyapitisha makisio hayo bila ya kuuliza.